Hajui Kushiba

Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikimsimulia mwanamke mmoja darasani bila kumtaja jina. "Mama mmoja wa Malindi," ndivyo nilivyomwita mbele ya wauguzi na washauri nasaha waliokuja Kilifi kujifunza kwangu namna mawazo yanavyomlisha mtu kabla ya tumbo lake kuuliza. Nilieleza jinsi mama huyo alivyokuwa akila kupita kiasi bila kujijua, jinsi nilivyombadilishia chombo cha kulia, na jinsi sukari yake ilivyoshuka. Wanafunzi waliandika. Wengine waliniuliza umri wake, wengine aina ya chakula, nami niliwajibu wote kwa ufasaha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ni nani aliyekuwa ameketi upande wa pili wa sinia, na mimi sikusema. Jumatatu iliyopita Rukia alinipigia simu akaniambia Bi Mwanaisha amefariki, wamemzika alasiri ile ile, na khitma itakuwa Jumatano baada ya adhuhuri. Nilimwambia nitakuja. Kisha nikaketi nikitazama kawa lililotundikwa ukutani ofisini kwangu, kile kifuniko cha ukindu cha kufunikia chakula, ambacho wageni hukisifu wakidhani nilikinunua kuwa pambo. Alinipa yeye. Nikaona haya peke yangu, mlango umefungwa, kama mtu aliyeitwa jina lake hadharani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili mwaka ule niliokaa kwake. Ya kwetu Kakuyuni nayaacha, hayana kosa katika jambo hili. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha saikolojia, na nikatumwa Malindi kwa mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini katika kliniki ya wagonjwa wa sukari. Muuguzi mkuu pale alimfahamu Bi Mwanaisha, mgonjwa wake wa siku nyingi, mjane aliyekaa peke yake Shella katika nyumba ya mawe yenye kuta nene na chumba kimoja cha ziada. Akamwomba anipokee. Bi Mwanaisha hakuuliza mimi ni wa dini gani wala wa nani. Aliuliza kama nakula samaki. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanishika mkono akanipeleka moja kwa moja jikoni, si chumbani, akafunua sufuria ya mbaazi za nazi ili nione. Aliniambia, "Nyumba hii ina mvi lakini haina njaa." Nililipenda neno hilo nikaliandika usiku huohuo katika daftari langu la kijani, na nadhani hapo ndipo kosa lilipoanza, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuandika kabla ya kuelewa.

Tulikula ukumbini, juu ya mkeka, kwenye sinia moja pana la bati lililochorwa maua ukingoni. Mchana nilirudi kutoka kliniki kwa miguu, jua limenichoma utosi, na harufu ya wali wa nazi ilinipokea tangu kwenye kona ya msikiti. Yeye alikuwa ameshaoga, ameshaswali, amejitanda leso safi, ananisubiri. Alinimiminia maji ya kunawa kutoka kwenye birika, mikono yangu ikiwa juu ya beseni, akasema bismillahi, akatia mkono. Nilikuwa na njaa ya ujana, ile isiyo na adabu. Nilikula kwa haraka na kwa wingi, tonge juu ya tonge, na kila nilipofika kwenye mfupa yeye alinisogezea mnofu mwingine kwa ncha za vidole. Kutwa alikuwa akiniambia kula, mwanangu, kula. Chakula kilipobaki kidogo alikwenda jikoni akarudi na ukoko, ule wa chini uliokauka na kuiva vizuri, akaugawa mara mbili, fungu kubwa upande wangu. Sinia liliondoka jeupe kila siku. Nikiyakumbuka sasa maeneo yale mawili ya sinia, lake na langu, naona wazi lake lilivyokuwa na kishimo kidogo tu ukingoni, mahali vidole vyake vilipokuwa vikipita na kurudi. Wakati ule nililiona sinia tupu, basi.

Kliniki walinitaka nimchague mgonjwa mmoja nimfuatilie kwa miezi kadhaa, nijaribu kwake yale niliyosoma kuhusu tabia za kula, kisha niandike ripoti ya kumalizia mwaka. Nilimchagua Bi Mwanaisha, kwa kuwa sukari yake ilikuwa juu na ilikataa kushuka, na kwa kuwa nilimpenda. Nasema hivyo kwa ukweli wote: nilimpenda, na niliogopa asije akakatwa mguu kama jirani mmoja wa mtaa wa nyuma. Nilimwomba ruhusa, nikamwahidi jina lake halitatoka mdomoni mwangu. Alicheka akasema andika utakavyo, mimi nina siri gani, ni wali na mchuzi.

Basi nikapiga mistari kwenye daftari. Saa ngapi amekula, amekula nini, alikuwa wapi, alijisikiaje. Safu mbili za mwisho ndizo nilizozithamini zaidi. Ya tano iliuliza ni nini kilichoanzisha kula, na ya sita iliuliza ni nini kilichosimamisha. Chuoni tulifundishwa kwamba tabia ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na ukiijua milango hiyo miwili huna haja ya kumgombeza mtu. Unasogeza kitu kidogo tu karibu na mlango, na mtu mwenyewe atapita njia nyingine. Ni elimu nzuri. Naifundisha hata leo na sijaitilia shaka. Nilianza na mambo madogo na mengi yalifaa. Kopo la sukari lililokaa kando ya jiko nililipandisha rafu ya juu kabisa, kwa kuwa jicho likiona mkono hufuata. Bi Mwanaisha alisimama chini ya rafu ile akaitazama, akaniambia, "Sasa sukari yangu yakwewa kama nazi," na kwa wiki nzima alikunywa chai ya iliki bila sukari kwa sababu ya kuchoka kupanda kigoda. Mahamri manne ya asubuhi yakawa mawili, kwa kuwa tuliyafunika mengine kabla ya kuketi. Mchicha ukatangulizwa kwenye sinia kabla ya wali. Alasiri, kila alipokunja mkeka wa sala, aliunganisha matembezi mafupi mpaka dukani na kurudi, jambo jipya limefungwa kwenye jambo la zamani ili lisisahauliwe. Aliyakubali yote kwa utani, na mimi nilijiona mganga.

Jambo moja tu alilikataa. Nilimnunulia sahani ndogo ya udongo, nikamweleza kwamba macho hudanganywa na ukubwa wa chombo, na kwamba mtu akila kwenye sahani yake mwenyewe hujua kiasi alichokula. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaigeuza sahani ile, akaipangusa kwa leso, akaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Aliniambia kwamba katika nyumba yao mtu hupakuliwa peke yake kwa mambo mawili, akiwa mgonjwa wa kitandani au akiwa amegombana na wenzake. Yeye hajalazwa kitandani, na mimi naye hatujagombana. Tukaendelea na sinia, na sukari ikaendelea kuwa juu.

Nilirudi kwenye daftari. Safu ya sita ilikuwa imenishinda. Kila mchana niliandika humo kistari, maana sikuona kinachomsimamisha. Alikula mpaka sinia likawa tupu. Zaidi ya hapo nilikuwa nimeona jambo ambalo lilinifurahisha kama mtu aliyeokota pete. Mara nyingi, mapema sana katika mlo, alikuwa akisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, mkono wake ukipumzika gotini. Halafu alinitazama, akaurudisha mkono kwenye sinia, akachukua punje chache za wali, akazifinyanga muda mrefu, akazitia mdomoni. Akarudia. Niliandika kwa kalamu nyekundu: amesema ameshiba, kisha ameendelea. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikapiga mstari chini yake. Nilisoma vitabu vyangu nikapata maelezo kwamba wako watu ambao ishara ya kushiba imefifia kwao, tumbo linasema na akili haisikii. Hapo nikaona nimemaliza kazi.

Jumanne kliniki ilikuwa siku ya akina mama wa sukari. Walikaa kwenye mabenchi barazani, chini ya mabati yanayolia kwa joto, kadi zao mapajani, wakingoja kuitwa kupimwa, na muuguzi mkuu alinipa nusu saa ya kuwafundisha. Siku hiyo nilifundisha tofauti ya njaa ya tumbo na njaa ya mazoea. Nilitaka mfano. Bi Mwanaisha alikuwa benchi la pili, kando ya Bi Salma, jirani yake wa ukuta mmoja. Nilikuwa nimeahidi kutomtaja jina na kweli sikumtaja. Nilisema, kwa sauti yangu ya chuoni, "Kwa mfano, mama mmoja ninayekaa naye, yeye tatizo lake si chakula. Tatizo ni kwamba hajui kushiba."

Mpaka leo naisikia ile sentensi ikitoka mdomoni mwangu. Mimi nilikuwa nimetafsiri jambo la kitabuni, kwamba mwili wake hauipokei ishara. Lakini hakuna Mswahili duniani anayelisikia hivyo neno lile. Hajui kushiba ni mlafi. Ni mtu asiyealikwa. Ni neno la kumtukana mtoto wa jirani kichinichini, wala halisemwi mbele ya mwenyewe, sembuse mbele ya mabenchi manne ya wanawake ambao kila mmoja alijua ninakaa kwa nani. Bi Salma alicheka, kicheko kifupi ndani ya buibui, akakikata. Bi Mwanaisha alitengeneza mtandio wake upande wa kushoto, halafu upande wa kulia. Hakuinuka. Alikaa mpaka nikamaliza, akapimwa, akachukua dawa zake, akaniaga kwa heshima kama anavyowaaga wauguzi, akatangulia nyumbani. Nami nikadhani somo limeeleweka.

Nilipofika mchana, ukumbini hakukuwa na mkeka. Mlangoni pa chumba changu palikuwa na kigoda, na juu yake kawa jipya la ukindu mwekundu na mweupe. Chini ya kawa mlikuwa na ile sahani ya udongo, imejaa wali na kipande kizuri cha samaki, na pembeni kachumbari. Bi Mwanaisha alitoka jikoni akifuta mikono. "Chakula chako hicho, Dama," aliniambia. "Kula kwa nafasi yako." Sauti yake haikuwa na kitu. Alirudi jikoni, akafunga nusu ya chini ya mlango.

Laiti ningeweza kuandika kwamba niligundua pale pale. Nilifurahi. Aibu hii ndiyo inayonichoma kuliko ile ya barazani, kwa kuwa ile ilikuwa ya ulimi na hii ilikuwa ya moyo mzima. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba mtu hupakuliwa peke yake akiwa mgonjwa au akiwa amegombana na wenzake, na mimi niliketi kitandani na sahani ile mapajani nikaandika: amekubali sahani. Nikaweka na tarehe. Nilikula peke yangu siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata, nikimsikia yeye akila kidogo jikoni, kijiko mara mbili tatu kwenye bakuli, kisha maji ya kunawa. Sukari ikashuka. Jumanne ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu muuguzi mkuu akaipima mara mbili asiamini. Alinishika bega mbele ya wenzangu akaniambia nimezaliwa kwa kazi hii. Nikarudi nyumbani naruka mashimo ya njiani.

Ijumaa alikuja Rukia, binti wa marehemu dada yake Bi Mwanaisha, fundi cherehani wa umri wangu, ambaye kila Ijumaa alikula kwa mama yake mkubwa. Alikuwa hajaja kwa wiki tatu kwa kuwa na nguo za harusi za kushona. Bi Mwanaisha alikuwa msikitini kwa darasa la wanawake. Rukia aliliona kawa mlangoni kwangu akasimama. Akaniuliza kama tumekosana. Nilicheka nikamwambia la, ni matibabu, nikamketisha, nikamfungulia daftari kwa fahari zote, nikamwonyesha mistari myekundu, nikamweleza kuhusu ishara ya kushiba na lile nililolifundisha kliniki. Alisoma polepole akifuata kwa kidole. Alipofika pale palipoandikwa amesema ameshiba, kisha ameendelea, alilifunga daftari akaliweka chini.

"Dama," alisema, "mwenye nyumba hainui mkono mgeni akiwa angali akila. Akiinua yeye, mgeni ataona haya aache na njaa yake. Mama mkubwa alikuwa akikungoja wewe."

Aliendelea bila ukali, na ndiyo maana iliuma. Alisema mama yake mkubwa tangu apate sukari hula kama ndege. Matonge matatu, alhamdulillahi, basi. Lakini alipokuja mgeni mwenye njaa ya mwaka mzima, atafanyaje? Atamwambia punguza? Alidonoa wali ili mgeni asile peke yake, akaendelea kudonoa nusu saa nzima kila mchana, na kila jioni, na dawa zikazidiwa. Aliniuliza kama kwetu hakuna jambo hilo. Nilimwambia kwetu watoto tulikuwa wengi kwenye chombo kimoja na aliyezubaa alikosa. Adabu ya sinia la watu wawili sikuwahi kuhitaji kuijua. "Na hilo ulilolisema kliniki," Rukia alisema akisimama kujifunga buibui, "hilo latamkwa kwa mtu?" Hakungoja chakula siku ile.

Nilibaki na daftari. Kurasa za miezi mitano, safu ya sita, vistari juu ya vistari, na katika kurasa zote hizo hapakuwa na jina langu hata mara moja. Nilikuwa nimeandika saa, chakula, chumba, hali ya hewa, hata sauti ya adhana. Nilimwangalia mtu akila kwa miezi mitano nikasahau kuwa na mimi nipo, nina mkono, nina mdomo, na nina macho mawili yanayomkodolea. Kichocheo nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa kimeketi juu ya mkeka kikitafuna.

Siku ya pili nilimfuata jikoni. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, mgongo umenielekea. Nilikuwa nimejipanga kusema mengi: nimekosa, sikujua, nisamehe, nitakwenda kliniki niyafute maneno yale mbele ya wote. Nilichosema ni kwamba naomba leo tule pamoja. Alikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. "Namba yangu imeshuka, mwanangu," alisema. "Si ndiyo uliyokuwa ukiitaka?" Nilisema ndiyo. Akachukua nusu ya pili ya nazi. Nikatoka, na yale mengi nimetoka nayo mpaka leo hii.

Ripoti niliiandika wiki iliyofuata. Nilijua ukweli na nilikuwa na wino wa kutosha kuuandika. Niliandika kwamba ukubwa wa chombo ndio uliokuwa kichocheo, na kwamba sahani ndogo ya binafsi ilirudisha uwezo wa mgonjwa kutambua kushiba. Nilijiambia sikusema uongo kwa neno hata moja, nilichagua tu wapi pa kunyamaza. Waliisifu. Ilinifungulia kazi, na kazi ikanifungulia darasa, na darasani nikapata mfano mzuri wa kufundishia. Nilikaa kwake miezi mingine minne, tukasalimiana asubuhi na jioni kwa upole, nikala chini ya kawa. Siku ya kuondoka alilisafisha kawa lile, akalianika, akanipa. Alisema huko niendako nisiache chakula wazi, inzi ni wengi.

Jumatano nilifika Shella mapema kuliko nilivyopaswa. Nyumba imepakwa chokaa upya, ukumbi ni uleule, mdogo kuliko katika masomo yangu. Rukia alinikumbatia, ana mvi sasa, na alikonda usoni kwa siku mbili zile, maana yeye ndiye aliyemuuguza mwishoni. Tulipopata nafasi uani nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu ripoti, na kuhusu darasa, na kuhusu mama mmoja wa Malindi. Alinisikiliza akikunjua mikeka. Kisha naye akaniambia alilokuwa nalo, si kwa kulipiza, bali kwa kuwa siku ya msiba watu husema yaliyopo. Alisema tangu mwaka ule mama yake mkubwa hakuketi tena kwenye sinia la watu. Arusi alikwenda, maulidi alikwenda, matanga alikuwa wa kwanza kufika na kupika. Masinia yakitolewa alisema amefunga. "Mji mzima wajua mama mkubwa alikuwa mfungaji," Rukia alisema. "Watu jana walimsifu kwa hilo."

Naandika hapa kama lilivyo, kwa kuwa sina pengine pa kuliweka. Nilimponya sukari, na nikamtoa kwenye sinia. Miaka zaidi ya ishirini ya arusi.

Baada ya dua masinia yalitolewa. Niliazimia kula matonge matatu tu na kuinua mkono, ili asiwepo mtu yeyote katika nyumba ile wa kunisubiri tena. Niliona kwamba ni adabu, na niliona pia kwamba ni malipo, kidogo. Wanawake waliniketisha mimi na Rukia peke yetu kwenye sinia moja, na nikashangaa, kwa kuwa mengine yalikuwa na watu watano watano. Bi Salma, mzee sasa, mkongojo mkononi, ndiye aliyekuwa akipanga. Alinitazama sana. Alisema, "Wewe si yule wa kliniki?" Nikamwambia ndiye mimi. Niliona amelikumbuka neno, na ameona kwamba nimeona. Aliinama kana kwamba ananitengenezea mkeka, akaniambia sikioni, "Huyu hajatia kitu kinywani tangu Jumapili. Twamsihi, hataki. Lakini nyumba sasa ni yake na wewe ni mgeni wake. Wewe kula, na usiharakishe. Ukiinua mkono, naye atainua."

Nikatia mkono. Rukia naye akatia, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Alichukua punje chache akazifinyanga muda mrefu, nami nikala tonge, nikamsogezea mnofu upande wake, akautazama. Nikala tena. Tonge la nne niliona kidole chake kimeufuata mnofu. Sikumtazama. Nilikuwa nimeshashiba zamani, mimi mwanamke wa umri huu mwenye tumbo dogo na vidonge vyangu vya sukari kwenye mkoba. Mkono wake ukarudi kwenye wali, safari hii bila kungoja wangu. Darasani ningewaambia wanafunzi mtu akishiba aache. Nikaurudisha mkono wangu kwenye sinia, na Bi Salma akatuletea ukoko.